Kipimo kikikudanganya majini: utatuzi wa matatizo, kutoka vizimba vya Kisumu hadi Ziwa Nakuru

Asubuhi moja nilikuwa kwenye vizimba vya tilapia, mbali kidogo na ufuo wa Dunga. Nilishusha probu ya oksijeni (ncha ya kupimia), nikasubiri, nikasoma: miligramu 4.1 kwa lita. Nikamwambia mlinzi wa vizimba, mzee aliyeanza kuvua kabla sijazaliwa, kwamba hali si mbaya. Akatikisa kichwa. "Mwalimu, hawa samaki wanatweta juu ya maji tangu saa kumi na moja. Hebu kiulize tena hicho chako."

"Ngoja nikiangalie, jaduong'," nikamjibu. Nilipofungua mipangilio nikakuta kifaa, ambacho tulikuwa tumekiazima kutoka Pwani, bado kinaamini kiko ufuoni Mombasa. Mwinuko: mita sifuri. Nami nilikuwa nimekisawazisha (kukiambia kwamba hewa ile ndiyo asilimia 100) kwa hewa ya Kisumu asubuhi ile ile bila kupagusa hapo. Namba ya kweli ilikuwa karibu 3.6, na kabla ya mapambazuko bila shaka ilikuwa chini zaidi. Mzee alikuwa amepima kwa macho, akapata jibu kabla yangu.

Tangu siku hiyo kila anayenipigia simu kuhusu namba za ajabu huwa namweleza jambo moja kwanza: hakuna kifaa kinachoyaona maji. Probu ya pH (kiwango cha uasidi) huona milivolti. Probu ya oksijeni huona mkondo mdogo wa umeme au muda wa mng'ao wa mwanga. Kinachobaki ni hesabu, na ndani ya hesabu hiyo mmefichwa dhana kuhusu mahali ulipo na aina ya maji uliyonayo. Sehemu kubwa ya maarifa haya ilikulia baharini, kwenye usawa wa sifuri na kwenye maji ambayo chumvi zake hulingana karibu kila mahali duniani. Ziwa Victoria liko kama mita 1,135 juu ya bahari na maji yake ni matamu. Ziwa Nakuru limepita mita 1,750, na maji yake ni ya magadi. Kwa hiyo nianzapo kutafuta kosa, naanza na dhana za kifaa, kisha probu, na maji ndiyo ya mwisho kulaumiwa.

## Hewani inasoma asilimia 87, au namba ni nzuri kuliko samaki wenyewe

Haya ni matatizo mawili yenye mzizi mmoja. Kifaa kilichosawazishwa vizuri Mombasa na kisiguswe tena, kikifika Kisumu na kuachwa hewani, kitasoma karibu asilimia 87. Hakijaharibika. Shinikizo la hewa la Kisumu ni kama hektopaskali 885, wakati la Pwani ni kama 1,013, na oksijeni imepungua kwa kadiri hiyo hiyo. Kosa huingia pale mtu anapoiona 87, akaudhika, akabonyeza kitufe cha kusawazisha ili isome 100 bila kwanza kukieleza kifaa mwinuko. Kuanzia hapo kila miligramu itaongezwa kwa takriban asilimia 15. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba oksijeni huwa na miligramu 8.26 kwa lita usawa wa bahari. Kisumu maji hayo hayo hushiba kwenye 7.2 hivi. Ukiona 8.2 kwenye ndoo iliyotulia ya maji ya nyuzi 25, umeshapata mkosaji.

Kuna mtego wa pili hapa ambao huwanasa hata watu makini. Wanatafuta shinikizo la hewa kwenye simu, programu inawaambia 1,015, wanaingiza namba hiyo. Namba za hali ya hewa huwa zimekwisha kugeuzwa ziwe kana kwamba mji uko usawa wa bahari, ili miji ilinganishwe. Kifaa chako kinahitaji shinikizo halisi la pale uliposimama. Ukiingiza 1,015 ukiwa Dunga, umerudi Mombasa bila kujua. Afadhali uingize mwinuko, mita 1,135 kwa ziwani Kisumu, au utumie kifaa chenye baromita ndani yake, ukihakikisha baromita hiyo nayo inasema ukweli.

Ukisawazisha kwa hewa, weka maji kidogo ndani ya kikombe cha probu, kausha matone kwenye ncha, funga bila kukaza, kisha subiri dakika kumi kivulini. Kwenye sitaha ya mashua saa saba mchana kikombe huwa moto kuliko hewa na kila kitu kinakwenda upogo.

## Oksijeni inasoma chini mno

Angalia mpangilio wa chumvi. Kifaa kilichotoka baharini huenda bado kina 35, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya bahari. Maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo kifaa kitakata karibu asilimia 18 ya jibu lako kwa kuamini unapima bahari. Jambo linalotisha ni kwamba kosa hili na lile la mwinuko hufichana: moja linaongeza 15, lingine linaondoa 18, na mwishoni unapata namba iliyopungua kwa asilimia 6 tu hivi, ambayo hakuna atakayeishuku. Kisha mtu anakumbuka kurekebisha chumvi peke yake, na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Hivyo ndivyo ilivyonitokea siku ile: chumvi nilikuwa nimeirudisha sifuri usiku uliotangulia, mwinuko nikausahau. Yarekebishe yote mawili kwa pamoja au usiguse lolote.

Kama mipangilio iko sawa, tazama probu. Ile ya utando, inayosoma mkondo wa umeme, hula oksijeni inapopima, kwa hiyo maji yakisimama namba hushuka polepole mbele ya macho yako. Ichezeshe taratibu juu na chini. Namba ikipanda na kutulia, tatizo lilikuwa maji kusimama. Ukiona kiputo chini ya utando, au mkunjo, badilisha utando na myeyusho wake. Probu za utando za aina nyingi huhitaji pia dakika kumi hadi kumi na tano za kupata moto baada ya kuwashwa, na harufu ya mayai yaliyooza kutoka kwenye tope la chini ni sumu kwao.

Probu ya mwanga haihitaji kuchezeshwa, lakini ina adui wake: utelezi. Katika maji yetu ya joto na yenye rutuba, probu iliyoachwa kizimbani siku chache huota ngozi laini ya kijani. Ngozi hiyo ni hai. Mchana inatoa oksijeni, usiku inaila, na kifaa kinapima ngozi yake badala ya ziwa. Ukiona mchana unazidi kupanda na usiku unazidi kushuka siku baada ya siku, ivue na uisugue kwa mswaki laini na maji safi. Usitumie spiriti wala asetoni, vitakula rangi inayong'aa kwenye kofia ya probu, na kofia hiyo ndiyo ghali.

Kuujua ukweli wa upande wa chini ni rahisi: koroga sodiamu salfaiti, kemikali inayokula oksijeni, kwenye bilauri ya maji, tumbukiza probu, ngoja dakika chache. Inapaswa kushuka hadi sifuri au karibu sana na sifuri. Ikigoma kwenye 0.5 au zaidi, kofia au utando umechoka.

## Jana alasiri 9, leo alfajiri 2

Hapa wengi huita fundi, ilhali mara nyingi kifaa kinasema kweli. Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, imefungwa, na imeunganishwa na ziwa kubwa kupitia mkondo wa Rusinga. Mito ya Nyando, Sondu na mingineyo, pamoja na maji taka ya miji, huileta mbolea. Sainobakteria (bakteria wanaotumia mwanga kama mimea) kama Microcystis hustawi hadi maji yanaonekana kama rangi ya kijani iliyomwagwa. Mchana huitoa oksijeni kwa wingi hadi maji yanazidi kiwango cha kushiba. Usiku, wao na kila kiumbe kingine huila, na karibu na jua kuchomoza ndipo mnapofika chini kabisa. Aliyepima saa nane mchana na aliyepima saa kumi na moja alfajiri wote wanaweza kuwa sahihi. Ndiyo maana usomaji usioandikwa saa yake siutumii kwa uamuzi wowote.

Basi unajuaje kama ni maji au ni kifaa? Namba za maji husafiri pamoja. Viumbe wakila oksijeni hutoa kaboni dayoksaidi, na pH hushuka. Kwa hiyo oksijeni ikishuka na pH ikashuka nayo, amini. Oksijeni ikishuka peke yake, pH na joto vikiwa palepale, shuku probu. Na upepo ukigeuka ukayapandisha maji ya chini, utaona kitu cha tatu: joto nalo linashuka, hata kwa nyuzi moja tu, kwa sababu maji ya chini ni baridi zaidi na yamekaa juu ya tope bila hewa. Oksijeni, pH na joto vikianguka kwa pamoja ndani ya saa moja, usipoteze muda kusawazisha kitu. Acha kulisha, waarifu wenye vizimba vya jirani, washa vipuliza hewa kama vipo. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi sana vizimbani oksijeni ilipokwisha majini, na waliouona mzigo ule ukielea hawahitaji kuelezwa kwa nini nalisisitiza hili.

Ukipata namba mbili tofauti mahali pamoja na saa ile ile, uliza kina. Nusu mita chini na mita nne chini yanaweza kuwa maji mawili tofauti siku ambayo hakuna upepo. Uliza pia kama mashua ilipita na injini, maana pangaboi huchanganya maji na kuyatia hewa. Kama ulipimia ukingoni mwa gugu maji, elewa kwamba chini ya mkeka ule mwanga haufiki na oksijeni huwa haba, hata kama mita ishirini mbele maji yako sawa.

## pH haitulii, au inasoma 7 kila mahali

Ikisoma 7 ndani ya maji, ndani ya siki na ndani ya magadi, kioo cha elektrodi (sehemu ya probu inayohisi) kimepasuka au waya umegusana. pH 7 ni milivolti sifuri, na sifuri ndiyo hubaki pale ambapo hakuna ishara. Hilo halitengenezeki.

Isipotulia, badilisha skrini ya kifaa ionyeshe milivolti. Kwenye bafa ya 7 (myeyusho ambao pH yake inajulikana) inapaswa kuwa kati ya hasi 30 na chanya 30. Kwa nyuzi 25, kila hatua moja ya pH ni milivolti 59, kwa hiyo kutoka bafa ya 7 hadi ya 4 uone tofauti ya 177 hivi. Ukipata 150, elektrodi imezeeka au imekauka. Iloweke usiku kucha kwenye myeyusho wa kloridi ya potasiamu, kisha ujaribu tena. Nimekuta elektrodi nyingi zimehifadhiwa kwenye maji yaliyotoneshwa kwa sababu mtu aliona ndiyo usafi. Maji hayo huinyonya chumvi ya ndani na kuiua elektrodi kwa upole.

Maji ya Ziwa Victoria yana madini machache, na elektrodi ya kawaida huwa mvivu ndani yake. Bafa zina chumvi nyingi, kwa hiyo huko hutulia kwa sekunde chache. Ziwani ipe dakika tatu au zaidi, uikoroge taratibu kabla, kisha uache maji yatulie ndipo usome. Watu huandika namba ya kwanza wanayoiona, nayo bado inatembea.

Nakuru ni kinyume chake. Ziwa hilo liko karibu na pH 10, na kosa la kwanza ninalokutana nalo ni kusawazisha kwa bafa za 4 na 7 halafu kupima maji ya 10. Umeipima barabara ya Molo, kisha unataka kueleza hali ya barabara ya Naivasha. Tumia 7 na 10. Lakini bafa ya 10 ndiyo dhaifu kuliko zote: kila ukifungua chupa hunyonya kaboni dayoksaidi na kushuka. Mimina kidogo unachohitaji, usirudishe kilichotumika chupani, na chupa iliyofunguliwa muda mrefu itupe. Kumbuka pia kwamba ni 10.01 kwa nyuzi 25. Ikiwa imeshinda ndani ya gari kwenye jua, si 10.01 tena. Halafu kuna kosa la sodiamu: kwenye pH ya juu na sodiamu nyingi, kioo cha kawaida huichanganya sodiamu na haidrojeni, kisome chini kuliko ukweli. Elektrodi za kioo cha pH ya juu zipo, na kwa maziwa ya magadi zinastahili bei yake.

Kwa anayepeleka kifaa upande wa pili, kutoka ziwani kwenda baharini: bafa za dukani zimetengenezwa kwa maji yenye chumvi kidogo. Bahari iko karibu na 8.1 juujuu, na wanaofuatilia mabadiliko madogo ya miaka hutumia bafa ya Trisi iliyotengenezwa ndani ya maji ya chumvi bandia, au rangi ya kresoli inayosomwa kwa mwanga. Kwa bafa za kawaida utapata namba, lakini usiilinganishe na zao.

## Upitishaji umeme, na chumvi ambayo si ya bahari

Kosa la kwanza ni la kipimio. Ziwa Victoria la wazi liko karibu na maikrosimensi 100 kwa sentimita, na ghuba iko juu zaidi. Bahari kwa nyuzi 25 iko karibu na milisimensi 53, yaani maikrosimensi 53,000. Kifaa kinachobadilisha kipimio chenyewe kikionyesha 0.14, mtu anaandika 0.14 na kuacha herufi za kipimio (mS au µS). Andika herufi daima.

Namba ikishuka ghafla, gonga probu kidogo: kiputo cha hewa kimekaa kati ya elektrodi. Ikipanda bila sababu baada ya safari ya Pwani, ioshe tena na tena. Punje za chumvi iliyokauka, ambazo baharini hazina maana, kwenye maji ya maikrosimensi 100 ni mlima. Hakikisha pia fidia ya joto imewashwa. Upitishaji huongezeka kama asilimia 2 kwa kila nyuzi, kwa hiyo maji ya nyuzi 28 bila fidia yatasoma karibu asilimia 6 zaidi ya yale yale yaliyofidiwa kwa 25.

Ugomvi wa vipimo vidogo vya mfukoni vya "ppm" (sehemu kwa milioni) humalizika kirahisi. Kimoja huzidisha upitishaji kwa 0.5, kingine kwa 0.7. Maji ya maikrosimensi 100 yanatoka 50 kwa huyu na 70 kwa yule. Hakuna aliyekosea, linganisheni upitishaji wenyewe.

Sasa tuje kwa Nakuru, ambako kosa ni la kina zaidi na ndilo linalonisumbua kuliko yote. Mwanafunzi anashusha kifaa, anasoma milisimensi 20, anabonyeza kitufe cha chumvi, kinamwambia karibu 12. Anaandika kwamba ziwa lina thuluthi moja ya chumvi ya bahari. Kitufe kile kinafanya hesabu ya kipimo cha chumvi cha mwaka 1978, iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari peke yake. Bahari inaruhusu hesabu hiyo kwa sababu ya kitu cha ajabu ambacho mkemia William Dittmar alikithibitisha mwaka 1884 kwa kuchambua sampuli 77 zilizoletwa na meli ya utafiti wa bahari, Challenger: chumvi ikizidi au ikipungua, uwiano wa viambato vyake haubadiliki sana. Kloridi ni kama asilimia 55 ya uzito wa chumvi, sodiamu kama 30, na vingine vinafuata. Pima kimoja, umevijua vyote. Ziwa Nakuru halikuapa kiapo hicho. Chumvi yake kuu ni sodiamu pamoja na kaboneti na bikaboneti, magadi yale yale tunayoyajua jikoni, na ayoni hizo hupitisha umeme kwa kiwango chake na zina uzito wake. Namba 12 kutoka kwenye kitufe haina maana pale. Ripoti upitishaji kwa nyuzi 25 na ukalinganishe upitishaji na upitishaji.

Refraktomita ya maji ya bahari ina udhaifu huo huo, maana nayo husoma jinsi mwanga unavyopinda na kukisia kwamba ni chumvi ya bahari iliyoupinda.

Ukiamua kukausha maji na kupima mabaki kwenye mizani, jihadhari na joto. Bikaboneti ya sodiamu ikipashwa moto hugeuka kaboneti na kupoteza maji na kaboni dayoksaidi, karibu asilimia 37 ya uzito wake. Watu wawili wakikausha sampuli moja kwa joto tofauti watapata majibu tofauti, kila mmoja akiapa kwamba mizani yake ni nzima.

Probu za elektrodi mbili huchoka kwenye maji mazito hivi na kusoma chini. Zile za elektrodi nne hufaa zaidi. Na usishangae kuona namba za miaka ya nyuma ziko juu sana kuliko zako. Tangu takriban 2010 ziwa limefurika na maji yake yamezimuliwa. Karibu na mdomo wa mto Njoro, maji matamu yanaweza kutandaza juu ya yale ya magadi, kwa hiyo shusha probu kwa hatua, usipime juujuu tu.

## Kina kinasoma hasi mita 1.3 mashua ikiwa juu ya maji

Hili hufurahisha kulitatua. Kihisi cha kina hupima shinikizo. Kilipoambiwa sifuri huko Mombasa, hewa ilikuwa nzito. Kisumu hewa ni nyepesi kwa kilopaskali 13 hivi, sawa na mita 1.3 za maji. Kiweke sifuri upya kwenye mashua kila asubuhi. Usipofanya hivyo, sampuli unayodhani ni ya mita 5 imetoka mita 6.3, na kwenye ghuba hiyo ni tofauti ya kupata oksijeni na kuikosa. Vihisi vyenye mrija wa kupitisha hewa havina shida hii, ila mrija ukiziba kwa unyevu shida inarudi.

## Utope

Kichupa cha turbidimita (kipima utope) kikitoka kwenye kasha la barafu hushika mvuke nje, na kifaa husoma mvuke. Kipanguse, kiache kifikie joto la chumba, tazama mikwaruzo. Kwa sahani ya Secchi, ile ya sentimita 20 yenye robo nyeusi na nyeupe, simama upande wa kivuli wa mashua, vua miwani ya jua, na upime kamba yako ikiwa imelowa, kwa sababu ya nailoni hurefuka. Ukipata chini ya mita moja ghubani, hilo ni jambo la kawaida. Sahani haikuambii kama ni mwani au ni udongo wa Nyando. Chota maji kwenye chupa angavu, uiache usiku, asubuhi utaona kilichotua na kilichoelea.

## Amonia inasema sawa, samaki wanasema hapana. Fosfeti iko juu hata kwenye maji safi

Vifaa vya amonia vya rangi hupima amonia yote. Inayoua ni ile isiyo na chaji, na kiasi chake kinategemea pH. Kwa nyuzi 25, kwenye pH 7 ni chini ya asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kama 5. Kwenye pH 9 ni kama 36. Mwani ukiwa umestawi, pH ya alasiri inaweza kupita 9, na amonia ile ile iliyokuwa salama asubuhi inageuka sumu bila namba ya kifaa kubadilika hata kidogo. Pima pH dakika ile ile unayochukua sampuli ya amonia.

Fosfeti ikitokea kila mahali, pamoja na kwenye maji yaliyotoneshwa, uliza chupa zilioshwa na nini. Sabuni ya unga mara nyingi ndiyo jibu. Loweka chupa kwenye asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10, suuza mara nyingi, na usizikopeshe jikoni. Na kama "maji yaliyotoneshwa" ni maji ya betri uliyonunua kwenye kituo cha petroli, yapime upitishaji kwanza. Yakizidi maikrosimensi chache, tafuta mengine.

## Vifaa viwili havikubaliani

Vifaa viwili vya oksijeni vikipishana, kusawazisha vyote upya mara nyingi hutosha. Kusipotosha, hukumu iko kwenye chupa ya kioo. Njia ya mkemia Lajos Winkler ni ya 1888, na haijui mwinuko wala mpangilio wa chumvi. Inahesabu oksijeni yenyewe. Jaza chupa ya mililita 300 bila viputo, tia mililita moja ya salfeti ya manganizi, kisha mililita moja ya iodaidi ya alkali yenye azaidi, funga, pindua mara kadhaa. Mashapo yakitua, tia asidi ya salfyuriki, na mililita 200 za maji hayo uzitiririshie thiosalfeti ya molari 0.025, ukiongeza wanga mwishoni. Kila mililita moja ya thiosalfeti ni miligramu moja ya oksijeni kwa lita, hesabu iliyopangwa kwa makusudi ili asiye na kikokotoo naye asikwame. Thiosalfeti huzeeka, kwa hiyo ipime dhidi ya iodeti ya potasiamu. Maji yenye mwani mwingi huweza kula iodini na kukupa jibu la chini kidogo.

Hatua mbili za kwanza fanyia hapo hapo mashuani, kabla ya kurudi ufuoni, halafu weka chupa gizani. Na tazama rangi ya mashapo pale pale unapopindua chupa. Yakiwa ya kahawia, oksijeni ipo, endelea na kazi. Yakibaki meupe kama uji, hakuna oksijeni ya kuhesabu: acha titresheni (kule kutiririsha thiosalfeti), mwite mlinzi, na mwanze kuwahi vizimba.